Aliyeniita Mama Monitrisi

Jumamosi jioni. Baridi ya kiangazi imeingia mapema, na vumbi la malori ya madini limetanda juu ya Dilala yote, mtaa wetu hapa Kolwezi. Kifua kinanibana. Kichwa hakijatulia.

Leo nimemkana mtu. Au nimejikana mwenyewe. Sijui.

Asubuhi mjukuu wangu Odile, ambaye ndiye anayenitunza, alinipeleka kwenye maonyesho ya mji pamoja na binti yake Plamedi. Kwenye upande uliotengewa familia walikuwa wamesimamisha mahema: moja la kupima uzito wa wachanga, moja la kufundisha watoto kunawa kwa sabuni, moja la chanjo ya surua. Plamedi hajapata chanjo hiyo, na surua imeshaingia mtaani kwetu. Ndiyo sababu tulikwenda. Odile alituacha kwenye mlolongo, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Mwanzoni nilifurahi. Niliiona mizani, ile ya ndoano, ambayo mtoto ananing'inizwa ndani ya kitambaa huku akipiga mateke hewani. Mikono yangu inaijua. Zamani, kampuni ya madini ilipokuwa bado inatulisha sote, nilikuwa monitrisi, mwalimu wa foaye, nyumba ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kulea. Kila maonyesho tulikuwa na shindano la watoto wachanga wenye afya. Akina mama waliwashindilia watoto uji asubuhi hiyo ili mizani ishuke. Nilijua ujanja wao. Niliwaambia wangoje kidogo, na watoto wenyewe walitoa siri kwa kunilowesha aproni.

Mmoja alinilowesha mpaka viatu, nikampima tena, akashinda vilevile. Mama yake alicheka hadi akakaa chini. "Monitrisi, mupime hata kesho, atashinda tu!" Tangu siku hiyo mtoto aliitwa Kilo. Nilimfumia kofia ya sufu ya manjano, iwe zawadi yake.

Nilikuwa nikikumbuka hayo, nikitabasamu peke yangu, ndipo kipaza sauti kilipolia.

"Bamama! Kila familia ikamate batoto yake! Mupange mulongo, musisukumane, bote mutapita!"

Sielewi kilichonipata. Niliona vitenge, mabegi, watoto migongoni, nikasikia sauti ya mwanamume ikituita familia kwa familia. Uwanja wa maonyesho ulitoweka. Nilikuwa kituoni, tukingoja treni, mwaka ule tulipofukuzwa. Nikamshika Plamedi mkono, nikamtoa kwenye mlolongo kwa nguvu.

"Kaku, ni zamu yetu sasa!" alilia. Kaku ni bibi, kwetu. Nilimvuta tu. Sandali yake moja ikabaki vumbini.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imeanguka na mishahara imekauka, na maneno yakaanza kwamba sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tumekula nafasi za wenyeji. Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi. Kasai sikuwahi kuiona. Vijana walikuja mlangoni kwetu wakiimba, na mbele yao alisimama Kilo, mrefu, mwembamba, na jina lake lile lile la uzito.

"Mama Monitrisi," aliniambia kwa heshima, "utoke muzuri. Hakuna mutu atakugusa."

Mwenzake alipoishika cherehani yangu, Kilo alimpokonya, akaiweka kichwani mwake mwenyewe, akaibeba mpaka kituoni. Aliitua polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akarudi mtaani kuwatoa wengine.

Alinifukuza. Alinilinda. Mtu mmoja, mchana mmoja.

Tulilala kituoni majuma mengi, mvua ikitunyeshea. Ndani ya treni kifua kilimshinda mume wangu, tukamzika kando ya reli, mahali ambapo sikupata hata kuuliza jina lake. Na huko Kasai, ambako walituita watu wa Katanga, mkoa tuliotoka, ni cherehani ile iliyotulisha mpaka tukaweza kurudi. Sasa nimkumbuke Kilo kwa kaburi au kwa cherehani? Miaka yote hii najaribu kuchagua. Nikichagua moja, nyingine inakuja kuniuliza.

Leo nilikuwa karibu kufika langoni niliposikia mtu akitukimbilia. Mwanamume mwenye mvi, kipaza sauti kikining'inia begani, sandali ya Plamedi mkononi. Alipiga goti, akamvalisha mtoto. Alipoinuka aliniangalia usoni.

"Mama Monitrisi?"

Hakuna anayeniita hivyo tena. Waliokuwa wakiniita hivyo wamekufa au wametawanyika.

"Haina miye," nilisema. "Umekosea mutu, tata."

Aliinamisha kichwa. "Basi pole, mama. Kesho tutakuwa hapa tena, ni siku ya mwisho. Usimunyime mutoto sindano juu yangu."

Juu yake, yaani kwa sababu yake. Kwa hiyo Kilo alijua kwamba nimemjua.

Odile alitukuta nimekaa juu ya tofali, sina pumzi. "Kaku! Surua inamaliza batoto kule Kasulo, na weye unakimbia na mutoto? Unakimbia nini?"

Plamedi ndiye aliyejibu. "Kaku anaogopa sindano."

"Na miguu ya kukimbia aliitoa wapi? Kila siku nabebaka yeye mpaka ku choo!" Odile alicheka, kisha akageuka upande ili nisione anafuta macho. Nilipopata nguvu za kusimama tena, mahema yalikuwa yameshafungwa. Njiani alisema kesho ataenda na mtoto peke yake. Ni haki yake. Nami ningefanya hivyo.

Lakini Odile hajui. Wanangu na wajukuu wangu niliwaambia tu kwamba tulifukuzwa na "watu". Sikuwaambia kamwe kwamba mmoja wao alikuwa na jina, na kwamba kofia yake ya kwanza niliifuma mimi. Niliogopa wangemchukia. Wakati mwingine niliogopa kwamba hawangemchukia.

Daktari ameniambia wazi kwamba moyo wangu umechoka na hautangoja mvua zijazo. Wanaokuja kuniombea wanasema nisamehe wote niondoke mwepesi. Mimi sitaki kumsamehe mtu kwa sababu tu nina haraka ya kufa. Wala sitaki kufa nikiwa nimemwambia kwamba mimi siye mimi.

Odile husoma ninachoandika hapa kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Basi mjukuu wangu, sasa unajua nilikuwa nikikimbia nini. Amua mwenyewe kama kesho utanichukua.

Ukinichukua, nitasimama kwenye mlolongo mpaka mwisho. Nimeshamwambia Plamedi kwamba miguu ya kaku ni mijinga, anishike mkono kwa nguvu asiniachie. Amekubali, kwa sharti kwamba na mimi nisilie akichomwa.

Sijui nitamwambia nini Kilo. Shukrani na laana zimekaa mdomoni pamoja, na sioni ipi itatangulia kutoka.

Ila akiniita tena kwa jina lile, nitaitika.