Walioacha Kupanda Basi

Kaka yangu,

Huku tupo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati lako.

Kazini nimechanganyikiwa. Nilipewa kazi ya kutunga maswali ya maoni kuhusu mabasi ya mji. Tukawahoji watu vituoni, karibu wote wakasema huduma inaridhisha. Bosi akafurahi kama aliyepata mjukuu. Baadaye ndipo nikagutuka: tumewauliza wanaopanda tu! Walioacha kupanda wako majumbani, nani kawauliza?

Nikatunga upya, nikaanza kuyajaribu kwa Mama, maana siku hizi hatoki. Nikamuuliza kwa nini ameacha mabasi, nikamsomea majibu ya kuchagua: nauli, msongamano, kuchelewa, makondakta wenye midomo michafu.

"Hakuna hata moja," akasema. "Basi halina ubaya. Nikishakaa tu, nasahau ninakokwenda."

Nikacheka. Si unamjua kwa utani? Naye akacheka. Kisha akapakata mkoba wake, akajisogeza kwenye kochi kunipisha, akaniuliza kwa adabu, "Na wewe dada, unashukia wapi?"

Jibu lake sijui niliweke wapi. Nimeandika "mengineyo", nikafuta, nikaandika tena. Bosi anataka karatasi kesho, na mimi hata sijui nilichouliza.

Nilimwambia nashukia mbali, tutakuwa pamoja njia nzima. Akasema nisimhofie, mwanawe wa kiume atampokea kituoni.

Kaka, njoo umpokee.

Mdogo wako