Vidonge vya Dorosela

Makambako, 9 Juni 2024

Dada yangu Dorosela,

Mwaka wa pili sasa tangu niondoke Mlangali. Bado napakia mbao. Mgongo unauma, lakini nakula. Barua hii nampa dereva Mustapha akupe mkononi, maana simu yako anaishika mumeo.

Jana Vitus aliipokea akicheka. "Shemeji, daktari si alisema saratani hiyo ya titi ni mambo ya vinasaba? Ukoo wenu umeoza tangu mbegu. Vidonge nimevitupa chooni." Eti amekutengea na kikombe, watoto wasiambukizwe. Nilisikia kinyaa, nikatema mate mbele za watu.

Dada, siku ya majibu tulikuwa wote Njombe. Daktari hakusema umerithi. Alisema ndani ya uvimbe wako kuna kinasaba kinachofanya kazi kupita kiasi, ndicho kinachoufanya unase homoni na kukua.

Nikauliza, "Kwa hiyo ni vibaya?"

Daktari akajibu, "Afadhali huo, kaka. Vidonge vinaizuia homoni. Uvimbe ambao kinasaba hicho kimelala ndani yake, vidonge hivi haviufanyi kitu."

Na saratani haipiti kwenye kikombe. Titi hilo lilipowanyonyesha wanawe, Vitus hakuliita bovu.

Usiniambie tena kwamba mume ndiye mwenye nyumba. Funga nguo zako na za watoto. Tutapitia hospitali Njombe uandikiwe vidonge vingine. Nakuja Jumamosi na lori la tajiri wangu, na sitaondoka Mlangali bila wewe.

Kaka yako,
Hilario