Mikono ya Tsonka Siku ya Harusi

Mtaa wa Rositsa 14,
Sevlievo.
Jumanne, 10 Septemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Asen,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Toronto? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi hatujambo. Presha yangu imetulia, na pilipili za kuhifadhi kwa majira ya baridi tumeshazichoma.

Uliniuliza kwa nini dada yetu Tsonka hujificha ukipiga simu ya video. Sikukujibu kwa sababu alinikataza, sasa ameniruhusu. Yale mabaka meupe yaliyomwanzia vidoleni yamefika kwenye viwiko. Daktari anasema hayaambukizi wala hayaui, na ni kweli. Lakini nimepitia shajara yangu. Tangu Machi mwaka jana hajavaa mikono mifupi. Amekwepa sherehe mbili za ubatizo. Kwenye duka la mikate anakofanya kazi wamemtoa kaunta wakampeleka kwenye tanuri, maana wateja walitaka mikate yao ishikwe na mtu mwingine. Majira ya baridi hupata nafuu kidogo. Jua likiwaka, ngozi ya pembeni hukolea rangi, mabaka yakazidi kuonekana, naye hujifungia ndani.

Mwanawe Venelin alioa Jumamosi. Unajua mama wa bwana harusi ndiye huwalisha maharusi mkate na asali mlangoni, kwa vidole vyake. Bi. Gena, msimamizi wa ndoa, alipendekeza eti mimi niwalishe badala yake. Tsonka akakubali upesi mno.

Mimi nikadhani nasaidia, nikamnunulia glavu nyeupe za lesi ili awalishe mwenyewe. Ijumaa tulizijaribu jikoni. Asali ikanata, mkate ukagoma kutoka, tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha akaniuliza, "Hata wewe, dada, unaona heri ifichwe?"

Ralitsa, bibi harusi, alikuwa pale akikunja vitambaa vya meza. Akasema bila kuinua macho, "Mama, mimi nakuja kula asali, siji kukagua mikono. Ukimtuma mtu mwingine, nafunga mdomo."

Basi Tsonka alisimama mlangoni bila glavu. Asali ikamdondokea Venelin kwenye tai. Ralitsa alikula, akaomba tena. Mkate uliobaki Tsonka aliuzungusha mwenyewe kwa wageni, na wengi walimega. Bi. Gena alisema ameshiba, na hata supu ilikuwa haijaletwa.

Tsonka akamwambia, "Basi nitakufungia, Bi. Gena, utakula nyumbani." Akaenda kwa mgeni anayefuata.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Jana alitoka amevaa mikono mirefu, na jua lilikuwa kali. Lakini picha zilizo ndani ya bahasha hii amezichagua mwenyewe. Katika tatu, mikono yake inaonekana.

Msalimie mkeo Milena na binti yenu Yoana. Mjomba Hristo anakuulizia kila Jumapili baada ya kanisa. Mungu akupe afya na akuzidishie riziki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku zote,
Zdravka