Kimya Kwenye Kamba ya Nguo

Shuleni, 5 Machi

Dada yangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe, kwa hiyo nalitanguliza kabla ya salamu. Siku tuliyomzika Mama sikulia. Nililia miezi kadhaa baadaye, kitandani kwako, tukitazama ile albamu ya mwimbaji Bibie iliyotengenezwa kama filamu, pale anapoanua nguo za marehemu mama yake na muziki wote unakoma. Kile kimya ndicho kilichonifungua.

Sasa, hujambo? Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira.

Unakumbuka albamu ile ilivyochekwa. Walisema Bibie kaishiwa, mtu mzima anashinda na beseni la nguo, wimbo wa kucheza hata mmoja hakuna. Redioni hawakuigusa. Yule mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Spika kwa mdomo wake aliniita Dobi muhula mzima, kwa sababu tu niliitetea mara moja. Basi mwaka huu nyimbo zake zimetolewa zenyewe tu, bila picha, na ghafla kila mtu anasema ni kazi kubwa. Spika sasa ni mwenyekiti wa Klabu ya Filamu. Jana alisimama mbele yetu akaeleza jinsi "sisi mashabiki" tulivyoipenda tangu mwanzo. Tangu mwanzo, dada.

Halafu wakaionyesha. Tulipofika kwenye kamba ya nguo, hakukuwa na kimya. Kulikuwa na wimbo mzima, na kinanda juu yake. Wameuchomeka ili wauze. Mimi ambaye hata nikijua jibu siinui mkono darasani, nilisimama nikasema filamu imechezewa. Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Spika akaniambia, "Dobi, uliota."

Tangu uhame na kompyuta yako sijaitazama tena, lakini naikumbuka picha kwa picha. Niandikie uthibitishe. Na siku ya kutembelewa njoo, safari hii njoo kweli. Baba huja peke yake, anakaa kwenye benchi kama anayesubiri basi.

Mdogo wako

---

14 Machi

Mdogo wangu,

Za masomo? Huku tunasukuma siku. Nakuandikia nimesimama, mteja yuko kwenye drai ya nywele na kila nikimwangalia ananionyesha saa.

Nimefurahi kusikia kwamba siku hizi unasimama mbele za watu. Ila usigombane na wenzako kwa ajili ya wimbo. Huyo Spika mwache, betri yake itaisha. Kula vizuri, na sweta livae, usilifanye mto.

Siku yenu ya kutembelewa, saluni hujaa. Nitajaribu.

Dada yako

---

Shuleni, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Sweta nimelivaa. Swali langu hujalijibu.

Spika amebandika tangazo mlangoni pa bwalo: "Mjadala wa Bibie. Dobi ataleta ushahidi." Watu wasionijua wananisimamisha waniulize kama nimeupata. Wenzangu wawili wanaoimba kila asubuhi nyimbo walizozizomea wananieleza mimi maana ya filamu ile. Mimi. Nashindwa hata kusoma, navuka kurasa bila kujua nimesoma nini.

Wewe ndiye mtu pekee aliyeitazama pamoja nami. Andika mistari miwili tu, kwamba pale palikuwa na kimya. Nitaisoma mbele yao, nikae.

Mdogo wako

---

22 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Najua nimechelewa, na mjadala umeshapita. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Wimbo ulikuwepo. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Sauti nilikuwa naizima mimi.

Niliitazama peke yangu kabla sijakuonyesha. Katika wimbo ule binti anaitwa, anachelewa, anafika anakuta kitanda cha mama yake kimetandikwa. Siku ile Baba aliponipigia kwamba Mama ananiulizia, nilikuwa namsuka bibi harusi. Nikamwambia, "Namalizia kichwa hiki, nakuja." Nilifika nikakuta godoro limeegemezwa ukutani, nje.

Nisingeweza kuusikia wimbo ule nawe umenilalia begani. Kila Bibie akiikaribia kamba, kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikirudisha sauti kamba imebaki tupu. Ulipoanza kulia nilidhani umegundua.

Ndiyo sababu siji huko. Baba hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo siliwezi. Nisamehe kwa kicheko chao.

Dada yako

---

Shuleni, 14 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sikujibu mapema kwa sababu nilikukasirikia kuliko Spika. Ungeniambia katika barua ile ya sweta, nisingesimama kwenye mjadala kubishana na ukumbi mzima. Niliapa mbele yao, dada. Bado nina hasira, na sitaki uniambie ipoe.

Baba alipokuja nilimuuliza kuhusu siku ile. Akasema jibu lako Mama alilisikia, maana alikuwa ameisogeza simu sikioni kwake. Mama alicheka. Akasema, "Mwache amalize. Yule hawezi kumwacha bibi wa watu na nusu kichwa." Baba anasema alidhani unajua.

Jana klabuni nilimwomba mwalimu nafasi. Nikasema wimbo ulikuwepo, nilikosea. Spika akapiga makofi. Nikamwambia akae, sijamaliza, akakaa. Nikamkumbusha pia kwamba jina la Dobi alinipa yeye, mwaka ambao anasema alikuwa akiipenda albamu hii. Hapo waliocheka hawakunicheka mimi.

Kisha nikaomba sehemu ile ionyeshwe mara mbili. Mara ya kwanza nilishika rimoti mwenyewe. Bibie alipoikaribia kamba nikazima sauti, nikairudisha kamba ilipobaki tupu. Lilisikika feni tu. Nikawaambia hivyo ndivyo nilivyoonyeshwa na dada yangu. Mara ya pili niliiacha sauti. Niliusikiliza wimbo wote nikiwa nimesimama.

Baadaye nilisaidia kupanga viti. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kuandikisha wageni wa siku ya kutembelewa, tarehe kumi na saba Juni. Nimeandikisha wawili.

Mdogo wako