Ombi Lifuate Ngazi

Tarehe 4 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu, hata kama hutaki salamu zake, na tumbo langu limeanza kuonekana.

Mama mdogo ameniambia Mama hawezi tena kulala kitandani. Anakaa kitini usiku kucha, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Nimekupigia simu na kila ukisikia sauti yangu unakata, ndiyo maana nimeandika.

Baba, naomba ruhusa nije nimwone. Najua niliolewa na kinyozi wa kambi bila kukuuliza, na ukasema nisikanyage kwako mpaka uniite. Mwaka jana nilikuja hivi hivi, ukaniacha nje ya geti mvua ikininyeshea. Mama akatoka kunifuata na nguo ya kulalia, akashikwa na homa, na tangu siku hiyo hajawa sawa. Sitaki kumtoa nje tena. Safari hii naomba kwanza, kama ulivyotulea. Hata dukani tulikwenda kwa ruhusa yako, wewe umesimama mlangoni na saa mkononi.

Mwanao

Tarehe 19 Februari

Kwa binti yangu,

Salamu zimefika. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe.

Barua yako nimeirudia na miwani, maana sikuamini kwamba mtu niliyemlea mimi anaweza kuandika ombi la namna hiyo. Umeanza na salamu za kinyozi, ukaingia kwenye tumbo lako, ukapita kwa mama yako mdogo anayependa umbea kuliko chakula, ndipo ukakumbuka kuomba. Ombi halikufuata ngazi. Wewe una mkuu wako sasa, ulimchagua mwenyewe na akili zako timamu. Yeye ndiye aniandikie kwanza, akiri kwamba alikutorosha. Nilikuwa namkabidhi kichwa changu na wembe wake, kumbe jicho lake liko jikoni kwangu. Baada ya hapo uombe wewe, kwenye karatasi yako: unaomba nini, kwa sababu gani, utafika lini, utaondoka lini.

Nimelitumikia jeshi maisha yangu yote na sikupewa ruhusa nisiyoiomba vizuri. Baba yangu mzazi alizikwa nikiwa mpakani, ombi langu liko mezani kwa afande, na sikulia. Mungu naye ni wa utaratibu. Hata sala ina mahali pa kuanzia na ina amina yake.

Mama yako yupo. Namwosha mwenyewe asubuhi na jioni, na nywele namchana mimi. Hakuna mtu anayemtunza kunishinda.

Baba yako

Tarehe 27 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, tunakuombea na wewe uzima.

Karatasi ya mume wangu iko ndani ya bahasha hii. Ameandika kila ulichotaka, hata hilo la kutorosha, wakati sote tunajua nilitoka kwa miguu yangu mchana kweupe, begi kichwani. Amesema kama ni hilo tu linalomzuia mama mkwe wake kumwona mwanawe, basi alibebe.

Ombi langu ni hili. Naomba ruhusa ya kufika nyumbani kumwona mama yangu mzazi. Sababu: anaumwa. Nitafika siku utakayosema na kuondoka siku utakayosema. Nitalala jikoni. Sitazungumza mezani. Begi nimeshafunga, liko nyuma ya mlango.

Baba, mwambie Mama kwamba nimeomba. Hilo tu, hata kama jibu bado. Ajue nimeomba na nasubiri.

Mwanao

Tarehe 16 Machi

Kwa binti yangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Huku pia Mungu anatulinda.

Ombi limepokelewa na safari hii limenyooka. Mwandiko wa kinyozi ni wa kuku lakini ameelewa. Linashughulikiwa. Usinikimbize. Aliyetoroka kambini akirudi hapokelewi siku hiyo hiyo akaketishwa mezani. Anasimama getini mpaka wenzake wote wamwone amesimama. Hivyo ndivyo nilivyonyoosha vijana wengi, na baadhi yao leo ni maofisa na bado wakiniona barabarani wananipigia saluti mimi mstaafu. Ningekulegezea wewe, wale ningewatazama vipi?

Suala lako nimelipeleka kwenye maombi. Nafunga kila Ijumaa. Mungu akinipa jibu, utalipata.

Mama yako amekunywa uji leo. Miguu imevimba. Jioni tunaimba wimbo wa kanisani. Sauti yake haitoki, kwa hiyo anafuata kwa kunigongagonga kidole kwenye mkono.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Mama mdogo anasema Mama hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Nakusihi, Baba. Mume wangu anataka anilete mwenyewe, na geti kama halifunguliwi alivunje. Nimemkatalia. Namwona Mama anatoka tena kwenye baridi kunifuata, na safari hii hafiki getini. Wajukuu zake nilio nao tumboni wananipiga mateke, huenda ni mmoja lakini mateke ni ya kikosi kizima, na sina hamu ya kucheka.

Andika hata neno moja. Nitapanda basi na hilo neno mkononi.

Mwanao

Tarehe 21 Aprili

Kwa binti yangu,

Natumaini u mzima na unakula vizuri kwa ajili ya mtoto.

Mama yako ametutoka Alhamisi alfajiri. Tumemzika Jumamosi baada ya ibada. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mimi nilisimama wima mpaka udongo wa mwisho, na mchungaji amenisifu mbele ya watu.

Jibu lako nilikuwa nimeshaliandika. Lilikuwa ni ruhusa, kuanzia Jumapili. Naliweka humu uone mwenyewe kwamba sikukunyima. Lakini sababu uliyoitaja kwenye ombi haipo tena, kwa hiyo na ruhusa haipo. Usije. Ukitaka kufika kaburini, omba upya.

Baba yako

Tarehe 8 Juni

Baba,

Nimejifungua salama, mtoto wa kike. Ana paji la uso la Mama, na akikasirika anakunja mdomo vilevile.

Mama mdogo amekuja kunitazama na amenieleza yote. Zile siku za mwisho, kila Mama akisikia hatua nje alikuwa anauliza, "Ni yeye?" Halafu siku moja akauliza kwa nini siji. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, chanuo mkononi, unamchana. Ukamjibu, "Hajaomba." Mama mdogo alikuwa amesimama hapo na bakuli la uji, naye hakujua kwamba tunaandikiana. Anasema Mama aligeukia ukutani na hakuuliza tena.

Nilikuomba umwambie jambo moja. Hata yule afande wako hakwenda kumwambia baba yako kwamba hukuomba. Mama yangu amekufa anadhani sikumtaka. Umemuua mara mbili, na ya pili umeifanya huku unamchana nywele. Nakuchukia, na nimeona uisome kwa mwandiko wangu.

Sitakuandikia tena.

Aliyekuwa mwanao

Tarehe 11 Agosti

Kwa binti yangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mumeo hajambo? Ni miaka sasa, na mtoto atakuwa amekaribia kuanza shule.

Mimi ni mzima isipokuwa macho. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia nalo limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kanisani naimba kwa kukumbuka. Nywele zimenifunika masikio, maana vinyozi wa siku hizi hawajui kumnyoa mtu wa jeshi.

Mama yako mdogo anasema mtoto ni marehemu mama yako mtupu. Nataka kumwona kabla tundu halijaziba. Nitakuja mwisho wa mwezi. Mnisubiri kituo cha basi.

Baba yako

Tarehe 30 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole kwa macho.

Ombi halikufuata ngazi. Umeanza na macho, ukaingia kwenye nywele, na mwisho hukuomba, umetoa amri. Mwandikie kwanza mume wangu. Yeye, kama unataka kujua, amesema mzee aje hata leo, na wembe ameshaunoa. Ila hapa ruhusa natoa mimi.

Mwanao

Tarehe 9 Oktoba

Kwa binti yangu,

Natumaini hamjambo. Mistari ikipanda na kushuka, ni kwa sababu nafuata ukingo wa karatasi kwa kidole.

Karatasi ya mumeo iko ndani. Nimemwandikia kwamba hakumtorosha mtu.

Ombi langu ni hili. Naomba ruhusa ya kufika nyumbani kwenu kumwona mjukuu wangu. Sababu: macho. Nitafika siku utakayosema na kuondoka siku utakayosema. Nitalala jikoni. Sitazungumza mezani. Begi nimeshafunga, liko nyuma ya mlango.

Mwambie mtoto kwamba nimeomba.

Baba yako

Tarehe 1 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Ombi limepokelewa na limenyooka. Linashughulikiwa.

Mwanao

Tarehe 17 Desemba

Kwa binti yangu,

Hamjambo wote? Anayeandika ni mama yako mdogo, maneno ni yangu.

Tundu limeziba. Naomba ombi langu lirekebishwe. Pale nilipoandika kumwona mjukuu, pasomeke kumsikia. Mengine yabaki kama yalivyo.

Baba yako

Mwanangu, hapa chini ni mimi. Anashinda kitini karibu na mlango, begi ameliweka magotini. Kila basi likisimama barabarani ananiuliza kama kuna barua. Mambo mengine tumwachie Mungu.

Mama yako mdogo

Tarehe 20 Januari

Kwako Baba,

Shikamoo. Na wewe Mama mdogo, shikamoo. Msomee kama nilivyoandika, usipunguze. Wewe ulikuwepo na bakuli, unajua.

Sisi huku wazima. Mume wangu amenuna, hali chakula nyumbani, anasema nimefanana na wewe. Nimemwambia ningefanana na nani?

Baba, sababu uliyoitaja kwenye ombi haipo tena. Ukitaka kumsikia, omba upya.

Jana jioni nilikuwa namchana mtoto nywele. Akasikia hatua nje, akauliza kama ni babu. Nikamwambia hapana, ni jirani. Akauliza kwa nini babu haji.

Nimemwambia hujaomba.

Mwanao, uliyemlea mwenyewe