Dereva Aliyepita Kimya

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mtaani Yeoville, ambako wezi hawaishi, hatujambo. Mama yako anashona sare za shule, na mimi bado natia komeo mlangoni mchana kweupe.

Unauliza kama umwamini jirani yako huko Marekani, yule mzee mstaafu wa reli anayezima mashine ya kukatia nyasi kila ukipita, wala hasemi neno. Mimi ningemshuku.

Lakini nami nilikulia mji mdogo wa reli, upande wa Tabora. Honi ya treni ya mchana ndiyo iliyotuambia tubandike maji ya ugali. Akaja dereva mgeni, akawa anapita kimya. Tukasema ana dharau, au amebeba magendo. Tukamshitaki kwa mkuu wa stesheni, akahamishwa.

Dereva mwingine alipopiga honi tulishangilia. Mjane aliyekaa kando ya reli alilia. Mumewe alikuwa amegongwa na treni palepale, kabla dereva yule mgeni hajaja.

"Ni mimi niliyemwomba apite kimya," akatuambia.

Huyo mzee wako bado simwamini. Kesho akizima mashine, msalimie wewe kwanza. Kisha nenda ukafunge mlango wako.

Bibi yako