Ini la Kwenye Kisahani

Shoga, uko wapi? Nijibu upesi.

Unakumbuka Jumapili ile nyumba ilipofurika watu, nikawatangazia kwamba wifi yangu anayefanya kazi maabara kagundua kinga ya ini dhidi ya kemikali? Mdomo wangu huu!

Leo wifi kaja, kamkuta kaka yake uani anapulizia rangi gari la mteja bila barakoa. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, inanuka mpaka jikoni. "Barakoa iko wapi?" akauliza. Mume wangu akacheka, akaninyooshea kidole: "Ya nini tena? Wifi yako kasema mmepata kinga, kemikali haziliwezi ini."

Wiki tatu, shoga! Wiki tatu anavuta thina kwa umbea wangu!

Wifi akanigeukia. "Nilisema seli za ini. Kwenye kisahani cha maabara! Tulizipa kwanza protini za ukuaji, zile zinazoziamsha seli zijijenge, ndipo tukazitia sumu. Nyingi zikapona. Huyu umempa nini kwanza? Chai?"

Chai! Mbele ya yule mteja mwenye gari!

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akamshika kaka yake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamfunua jicho. Akafunua na la pili.

"Ni la njano?" nikauliza.

"Sijui," akasema wifi yule, ambaye hata usingizini anabishana. "Twende akapimwe."

Wametoka sasa hivi. Mume wangu bado anatania, eti nimwekee chakula.

Jirani kagonga mlango, anataka kujua kulikoni. Shoga, mimi nimemjibu sijui, nikafunga.

Njoo. Njoo peke yako.